Mtoto anawaza Kiholanzi, anasema Kiingereza: makosa ya nyakati na herufi bubu, sababu zake na namna ya kuyarekebisha

Wazazi Waswahili tunaolea watoto hapa Uholanzi tuna malalamiko yanayofanana. Mtoto anaongea Kiingereza kwa kasi na anaangalia filamu bila kusoma maandishi ya chini. Ila insha inarudi imejaa wino mwekundu, na akisoma kwa sauti anatamka herufi ambazo Mwingereza hazigusi kabisa. Mzazi anahitimisha kwamba mtoto ni mvivu.

Mimi hukaa na watoto hawa mezani Jumamosi asubuhi, na sijaona uvivu. Kiingereza kimekuwa somo la lazima katika shule za msingi za Uholanzi tangu 1986, na filamu za televisheni hapa huwekewa maandishi badala ya kubadilishwa sauti, kwa hiyo sikio la mtoto limeshiba. Tatizo ni kwamba Kiholanzi na Kiingereza ni ndugu wa damu, na mtoto anayewaza kwa Kiholanzi huamini kwamba ndugu hawa wanafanana kila mahali. Makosa yake mengi ni sentensi sahihi kabisa za Kiholanzi zilizovaa maneno ya Kiingereza.

Kwa hiyo kipimo cha kwanza ni kimoja kwa kila dalili hapa chini. Mwambie mtoto: "Hebu sema sentensi hiyo hiyo kwa Kiholanzi." Ikilingana neno kwa neno na ile aliyokosea, chanzo umekipata. Isipolingana, endelea na sababu zinazofuata. Nimezipanga kuanzia ile ninayoikuta mara nyingi zaidi.

Dalili: "I have seen him yesterday"

Hili ndilo kosa namba moja, nami nalipa nafasi kubwa kwa sababu likitibiwa mengine mengi huondoka nalo.

Sababu ya kawaida: "Ik heb hem gisteren gezien." Katika Kiholanzi cha kila siku jambo lililokwisha husimuliwa hivyo, kwa "heb" au "ben", hata kama muda wake umetajwa. Kiingereza hakikubali. Ukishataja muda uliofungwa, yaani "yesterday", "last week", "in 2019", "two days ago", basi "have" inatoka na kitenzi kinaingia katika wakati uliopita: "I saw him yesterday."

Ukaguzi rahisi ni mtoto kuweka kidole juu ya neno la muda. Muda umefungwa? Futa "have". Hakuna neno la muda, au muda bado uko wazi kama "today" na "this week"? "Have" inaweza kubaki.

Tiba ya ndani zaidi iko nyumbani kwetu, na inanisikitisha kuona wazazi hawaitumii. Kiswahili kinatenganisha jambo hili kwa uzuri kuliko Kiholanzi. Tunasema "nilimwona jana". Ukisema "nimemwona jana", sikio la mtu anayejali lugha linakataa. Basi mwulize mtoto: hapa ni -li- au -me-? Akijibu -li-, ni "I saw". Akijibu -me-, ni "I have seen". Nimewaona watoto wakinyamaza sekunde mbili, midomo ikicheza, wakiisema sentensi kimoyomoyo kwa Kiswahili, kisha wanaandika jibu sahihi. Tahadhari: kama kwenu nyumbani "nimemwona jana" husemwa kwa mazoea, kipimo hiki kitakudanganya. Rudi kwenye kidole juu ya neno la muda.

Sababu ya pili: vitenzi vinavyochukua "zijn", yaani kuwa, ambacho umbo lake moja ni "ben". Mtoto anasema "I am gone to Rotterdam" kwa sababu "ik ben naar Rotterdam gegaan". Mwambie kwamba Kiingereza cha leo kinatumia "have" kwa vitenzi vyote vya aina hii, hata vya kwenda na kuja. Kinachomchanganya ni kusikia "he is gone" kwenye filamu. Hiyo ipo, lakini maana yake ni kwamba mtu hayupo tena. Inaeleza hali, haisimulii safari.

Sababu ya tatu hujificha: mtoto hakumbuki "saw" wala "went", kwa hiyo anakimbilia "have" na neno lolote linalomjia. Mpe vitenzi kumi vya kawaida aandike safu tatu. Akikwama hapo, achana na kanuni kwanza, akakariri. Na hapa kuna mtego ambao walimu wengi hawauelezi. Kiholanzi kinasema "drinken, dronk, gedronken", "beginnen, begon, begonnen", "zwemmen, zwom, gezwommen": irabu ya safu ya pili na ya tatu ni moja. Kiingereza kinazitenga: "drink, drank, drunk", "begin, began, begun", "swim, swam, swum". Ndiyo maana mtoto husema "I drunk" na "I begun" bila kusita. Vikusanye vitenzi hivyo pamoja, avisome kwa sauti kama wimbo, na kila mara aikazie ile "a" ya katikati.

Simama na umwulize mwalimu kama mtoto anafundishwa Kiingereza cha Marekani. Mmarekani husema "Did you eat already?" pale ambapo Mwingereza angesema "Have you eaten already?" Usifute sentensi ambayo shule yake inaikubali.

Dalili: "I live here already ten years", au "since ten years"

Kiholanzi chake: "Ik woon hier al tien jaar." Hapa, wazazi wenzangu, tujihadhari sisi wenyewe. Kiswahili nacho kinasema "ninaishi hapa mwaka wa kumi sasa", kwa hiyo kosa hili linapita masikioni mwetu bila kugonga. Kiingereza kinataka daraja kutoka zamani hadi sasa: "I have lived here for ten years."

Neno "sinds" la Kiholanzi hubeba muda na mwanzo kwa pamoja. Kiingereza kinagawa kazi. Ukiweza kuhesabu, yaani miaka kumi, miezi mitatu, tumia "for". Ukiweza kuonyesha kwenye kalenda, yaani 2015, Jumatatu, siku ya harusi, tumia "since". Hiyo "already" iliyotokana na "al" iondolewe tu.

Kosa hili lina hasara halisi. Kijana akisema kwenye usaili "I worked there for two years", msikilizaji anaelewa kwamba kazi hiyo ameshaiacha. Kama bado yuko pale, lazima iwe "I have worked there".

Dalili: "I work now" na "Every day I am drinking milk"

Hizi ni dalili mbili zinazopingana, na mara nyingi mtoto mmoja anazo zote. Ya kwanza inatokana na Kiholanzi, ambacho "ik werk" yake inatosha kwa sasa hivi na kwa kila siku. Ya pili inatokana na dawa kuzidi: mwalimu alifundisha "-ing" wiki mbili mfululizo, sasa mtoto anaimwaga kila mahali.

Kiswahili kinaokoa tena, kwa hu-. "Hunywa maziwa kila asubuhi" ni "She drinks milk every morning." "Anakunywa maziwa, subiri amalize" ni "She is drinking milk." Sentensi ikikubali hu-, "-ing" haina kazi pale. Vitenzi vya moyoni na akilini kama "know", "want", "believe" na "understand" vikae bila "-ing" hata kama jambo ni la sasa hivi.

Dalili ndogo ndogo za kurekebisha papo hapo

"I will coffee" si wakati ujao. Ni "ik wil", yaani nataka. Mrudishe kwenye "I want" au, kwa adabu, "I would like".

"I call you tomorrow" ni "ik bel je morgen". Ahadi inayotolewa papo hapo inataka "I'll call you".

"Did you went?" ni wakati uliopita kuwekwa mara mbili. Kiholanzi kinauliza "ging je?" bila msaidizi, kwa hiyo mtoto hajazoea kwamba "did" imeshabeba wakati na kitenzi kinabaki kitupu: "Did you go?"

Dalili: "If I would know it, I would tell you"

Hapa lugha zote mbili za mtoto zinampotosha. Kiholanzi kinaruhusu "als ik het zou weten", na Kiswahili kinaweka -nge- pande zote mbili: "ningejua, ningekwambia." Usitumie Kiswahili kama kipimo kwenye kosa hili, utaliimarisha. Kanuni ni kavu na inabidi ikaririwe: upande wenye "if" haupokei "would". "If I knew it, I would tell you."

Angalia pia "als" inavyogeuka "when". Mtoto anaandika "When I fail the exam" akimaanisha iwapo atafeli. Msomaji Mwingereza anaelewa kwamba kufeli kumeshapangwa. Mwulize: una hakika litatokea? Huna hakika, ni "if".

Dalili: mtoto anatamka k ya "knee" na gh ya "night"

Binti mmoja wa miaka 13 alinisomea hadithi iliyoanza na "knight". Akasema kitu kama "ke-naikht", koo likakwaruza kama la mtu anayetoa mwiba wa samaki. Mama yake alikuwa anamenya vitunguu pale pembeni, akasema, "Lakini si imeandikwa hivyo?" Nilimwelewa mama. Kiswahili tunasoma kilichoandikwa, na hatuna desturi ya kuandika herufi tusiyoitamka.

Niliandika chini yake neno la Kiholanzi "knecht", mtumishi. Ni neno ndugu wa "knight", ingawa maana zao zimeachana njia. Waholanzi bado wanaitamka k, na ile ch bado inakwaruza koo. Waingereza nao zamani waliitamka k na kuikwaruza gh. Midomo ikaacha, kalamu haikuacha. Kwa hiyo herufi nyingi bubu za Kiingereza ni sauti ambazo binti yule anazisikia zikiwa hai shuleni kila siku. Ndiyo sababu ya kwanza ya dalili hii, na ndiyo dawa yake pia, kwa sababu Kiholanzi kitamwonyesha mahali pa kunyamaza.

Kanuni ya koo: neno la Kiholanzi likikwaruza katikati au mwishoni, na ndugu yake wa Kiingereza ana gh, basi gh hiyo kwa kawaida haitamkwi. "Nacht", "night". "Licht", "light". "Acht", "eight". "Dochter", "daughter". "Hoog", "high". Vivyo hivyo kwa vitenzi vilivyopita: "dacht" na "thought", "bracht" na "brought". Maneno machache yamegeuza gh kuwa f, nayo yakaririwe kwa jina: "laugh", "enough", "rough", "tough", "cough".

Kanuni ya kn: k haitamkwi kamwe mwanzoni. "Knie" na "knee", "kneden" na "knead", "knokkel" na "knuckle". Soma "knee" kama "nii", basi.

W nayo ina vituko vyake. Kwenye "wr" ya Kiholanzi Waholanzi husikika wakisema vr, kwa hiyo mtoto anasoma "write" kama "vrait". Aanze moja kwa moja na r. "Sword" ni ndugu wa "zwaard", na "answer" ina maana ya "antwoord", maneno ambamo w inasikika waziwazi. Kwenye Kiingereza inamezwa.

L: "half", "calf", "folk", "salmon". Kiholanzi kina "half", "kalf", "volk", "zalm", zote zikiwa na l ya kusikika. Pia t: "luisteren" inatamka t, "listen" haitamki, "kasteel" inatamka, "castle" haitamki. Kwenye maneno ya kitaalamu kama "psychology" p inakufa, ingawa Mholanzi huitamka kwenye "psychologie".

Sababu ya pili ni sisi. Mtoto akisikia nyumbani "sal-mon" yenye l, hataamini daftari. Kabla ya kumsahihisha neno, lisikilize kwenye kamusi ya mtandaoni yenye sauti. Mimi hufanya hivyo hadi leo kwa maneno niliyojifunza kwa macho peke yake.

Sababu ya tatu ni nadra: mtoto ameshajua kuna herufi bubu, sasa ananyamazisha hata zisizo bubu. Huyu apewe orodha fupi ya maneno kumi kwa wiki, asipewe kanuni mpya.

Pale ambapo Kiholanzi kinasema ukweli kuliko tahajia ya Kiingereza

Sehemu hii watoto huipenda. Herufi nyingine bubu hazipo kabisa kwenye neno la Kiholanzi, kwa hiyo mtoto afuate Kiholanzi kwa raha zake. "Lam" na "lamb", "kam" na "comb", "duim" na "thumb", "dom" na "dumb", "klimmen" na "climb": baada ya m ya mwisho, b haisikiki. "Woensdag" haina d kabla ya n, na d ya kwanza ya "Wednesday" haitamkwi. "Uur" haina h, na h ya "hour" ni bubu. "Eer" haina h, na "honour" vilevile. "Eiland" haina s. Ile s ya "island" iliingizwa na waandishi waliodhani neno linatokana na Kilatini "insula", kumbe halitoki huko. B za "debt" na "doubt" nazo ziliwekwa na wasomi waliotaka Kilatini kionekane.

Dalili: "work-ed", "stop-ped", na "I lift in Utrecht"

Hapa nyakati na herufi bubu zinakutana. Ile e ya "-ed" ni bubu katika vitenzi vingi, na mtoto anaitamka kwa sababu "werkte" na "stopte" vina silabi mbili.

Tiba yake mtoto ameshaisoma. Kila mtoto wa Kiholanzi hufundishwa neno la kukumbukia, "'t kofschip", ili ajue lini kitenzi kinachukua "-te" na lini "-de". Konsonanti za neno hilo, k, f, s, ch na p, ndizo zinazofanya "-ed" ya Kiingereza isikike t: "worked", "laughed", "missed", "watched", "stopped". Ongeza sh, kama "washed", na x, kama "fixed". Kwingine isikike d: "lived", "played", "called". Iondoe t ya mwanzo ya neno hilo, kwa kuwa kitenzi kinachoishia kwa sauti ya t au d ndicho pekee kinachopata silabi ya ziada: "wanted", "needed". Kinachohesabiwa ni sauti, si herufi. "Laugh" inaisha kwa f ya kusikika, na "use", ikiwa na maana ya kutumia, inaisha kwa z, kwa hiyo "used" inapata d.

Nilipomwonyesha kijana mmoja wa havo (mkondo wa kati wa sekondari ya Uholanzi) kwamba "'t kofschip" inafanya kazi upande wa pili wa bahari, alilifunga daftari na kusema angelijua mapema. Nami nashangaa kwa nini halifundishwi hivyo tangu mwanzo.

Sababu nyingine ya dalili hii: Kiholanzi hugeuza d ya mwisho kuwa t. "Hond" husikika "hont". Hivyo "lived" inageuka "lift", na msikilizaji anasikia habari ya lifti. Mtoto aweke vidole kooni, avute irabu kidogo, ahisi mtetemo hadi mwisho wa neno. Mtetemo ukikatika mapema, d imekufa.

Wapi usimame na umwite mtaalamu

Kama mtoto anakosea vilevile kwenye Kiholanzi, anaruka mistari, anabadilisha herufi, anasoma polepole kuliko wenzake kwa muda mrefu, acha mazoezi ya herufi bubu leo hii. Zungumza na mentor wake (mwalimu mlezi) shuleni kuhusu uchunguzi wa disleksia. Uthibitisho wa mtaalamu humpa mwanafunzi wa sekondari hadi dakika 30 za ziada kwenye mtihani wa taifa, na hakuna mazoezi ya mezani yatakayoziba pengo hilo.

Kama hasikii tofauti ya "lift" na "lived" hata ukimsomea polepole na karibu, na nyumbani anaongeza sauti ya televisheni, nenda kwa huisarts (daktari wa familia) masikio yapimwe kwanza.

Kama anaanza kushikwa na kigugumizi, au analia kabla ya kusoma, usimsahihishe katikati ya sentensi tena. Asome hadi mwisho, halafu mchague kosa moja tu. Hali ikiendelea, mwone logopedist (mtaalamu wa usemi na matamshi).

Kama mtihani uko wiki mbili mbele, usifungue kanuni mpya. Kwa havo na vwo (mkondo wa kuelekea chuo kikuu) mtihani wa taifa wa Kiingereza hupima kusoma na kuelewa. Kuzungumza na kuandika hupimwa na shule yenyewe kwa tarehe zake. Mwulize mwalimu ni upi unaokuja, ndipo ujue kama jioni hiyo ni ya "have" na "-ed" au ni ya kusoma makala.

Na ukienda kwa mwalimu wa bijles (masomo ya ziada) usiende mikono mitupu. Peleka daftari lenye safu tatu: alichosema mtoto, sentensi hiyo kwa Kiholanzi, na sentensi sahihi. Wiki mbili za daftari hilo zitamwonyesha mwalimu pa kuanzia kabla hata mtoto hajafungua mdomo.